"Imekubali" Si Jibu

Wadau, leo siongelei siasa. Naongelea kompyuta, ila msikimbie, maana ndani ya habari hii kuna sauti ya mtu iliyopotea na haitarudi.

Chumba kimoja cha habari nilichowahi kufanyia kazi kilikuwa na mashine ya Linux chini ya meza, inatunza rekodi za mahojiano yetu. Kila usiku saa 8, sisi tukiwa tumelala, ilitakiwa kunakili rekodi za siku hiyo kwenye diski nyingine. Kazi za namna hii husimamiwa na cron, programu ambayo toleo lake maarufu liliandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Unaipa saa na kazi, yenyewe inatekeleza. Haidai hata posho.

Sasa, akaunti zetu hazikuwa ndani ya mashine ile. Zilikuwa kwenye seva kuu, ili ukiajiriwa uandikishwe mara moja tu, kisha uingie kwenye kompyuta yoyote ya ofisi kupitia mtandao. Mpango mzuri, mpaka umeme ukatike. Ukirudi, mashine inawaka haraka kuliko swichi ya mtandao. Cron inaamka, inakuta faili la kazi lenye jina langu, inauliza: huyu ni nani? Mtandao bado, hakuna wa kujibu. Basi inaandika kwamba faili hilo ni yatima (ndiyo, neno hilohilo, kwa Kiingereza) na kuliweka kando. Baadaye kidogo mtandao unarudi, lakini cron ya namna ile haiulizi tena mpaka faili libadilishwe au programu iwashwe upya. Mimi asubuhi naingia kwa akaunti ileile bila shida, sina habari kwamba usiku mzima nilikuwa yatima.

Fundi wetu alilijua tatizo. Akaipangia cron isubiri sekunde 30 kabla ya kuanza. Mchana, mtandao ukiwa hewani, akaiwasha upya, kazi ikafanyika. "Dada, imekubali!" Nikamshukuru, tukaendelea na mambo mengine.

Umeme ulipokatika tena, swichi ilichukua zaidi ya sekunde 30. Usiku 11 zikapita bila nakala. Siku ya 12 diski ikafa.

Ndani yake kulikuwa na saa 2 za mazungumzo na mzee mmoja aliyewahi kuwa kuli bandarini Dar es Salaam. Nilipanga kumrudia. Alikuwa ameshafariki.

Hoja yangu ni hii: fundi hakujaribu marekebisho. Alijaribu siku njema. Mtandao ukiwepo, hata cron ile ya zamani ilikuwa inakubali! Kama hujaiona hitilafu kwa macho yako kwanza, huwezi kujua umeponya nini. Ni kama mwandishi anayehakiki habari kwa kumpigia simu mtu yuleyule aliyempa.

Jaribio la kweli lingekuwa hivi. Kwanza, kabla ya marekebisho, zima mashine, chomoa waya wa mtandao, iwashe, subiri, rudisha waya. Hakikisha kazi inakwama. Halafu weka marekebisho na urudie hatua zilezile, safari hii waya ukae nje dakika 10, si sekunde 30. Angalia kazi imefanyika mara moja tu, si mara mbili. Angalia kazi za akaunti za ndani ya mashine hazijavurugika. Mwisho, angalia kwamba mtu aliyefutwa kweli kwenye seva, kazi zake hazifufuki. Ukifanya hivyo utagundua kwamba dawa si kusubiri sekunde kadhaa, bali cron kurudi kuwauliza tena wale "yatima" kila baada ya muda.

Watu wa Ubuntu, mfumo ulioanza mwaka 2004 na ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu, wanalielewa hili. Marekebisho ya toleo lililokwisha kutoka hukaa kwanza sehemu ya majaribio, kwa kawaida siku 7 au zaidi. Ripoti inatakiwa ieleze hatua za kuileta hitilafu yenyewe, na anayejaribu anataja toleo alilotumia na alichokiona. Neno "imekubali" peke yake halitoshi.

Lakini nisimtupie fundi lawama zote. Nilipomuuliza kwa nini hakuizima mashine, alisema alikatazwa kuizima saa za kazi. Na ni kweli, sisi waandishi ndio tuliolalamika. Rekodi zilikuwa zangu, kazi ile ilikuwa kwa jina langu, na dakika 20 za kukaa naye jioni nilikuwa nazo. Sikuzitoa. Mwenye mali asipohudhuria jaribio, anayejaribu atajaribu kile kinachomruhusu kwenda nyumbani.

Siku hizi nikiambiwa imekubali, nauliza swali moja: ulipoiharibu kwa makusudi, ilifanya nini? Wengine wananiona msumbufu. Sawa tu.

Na wewe mdau, nakala zako ulijaribu lini kuzifungua? Naomba kutoa hoja.