Shairi la Mapenzi Nalo ni Mali

Muhula uliopita nilimwona mwenzangu akichana karatasi aliyoandika shairi la mapenzi. Aliogopa kuchekwa. Mimi nilinyamaza, na sasa najuta.

Wakati wa likizo nilikwenda Kisarawe kumwamkia bibi yangu. Sandukuni mwake mna shairi aliloletewa na marehemu babu walipokuwa wachumba. Babu alikuwa mwigizaji wa michezo ya kijijini, na shairi hilo aliliandika kwa mkono wake mwenyewe. Bibi hajui kusoma. Alilihifadhi kwa moyo. Siku hizi beti mbili zimempotea. Tulipoifungua karatasi, tuliona mchwa wamekula hapo hapo.

Basi tumfikirie Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Alitunga mashairi ya siasa na vita, na ya mapenzi pia. Mengi yangalipotea kama Mwalimu Sikujua asingeyakusanya na kuyaandika, akisaidiana na Mwingereza W. E. Taylor. Karatasi za Taylor zimo maktabani London hata leo, na mwaka 1940 Hichens alitoa kitabu cha mashairi ya Muyaka. Hapa kwetu, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo miswada ya Kiswahili. Orodha yake, kazi ya J. W. T. Allen, ilichapwa mwaka 1970. Kumbe mtunzi peke yake hatoshi. Lazima apatikane mtunzaji.

Wengine watasema mapenzi si mambo ya wanafunzi. Nakubali kwamba kupenyezeana vikaratasi wakati wa hesabu ni utovu wa adabu. Lakini kupanga vina na mizani ni kazi ya akili, na maneno ya heshima aliyoambiwa bibi hayakumharibu mtu.

Kwa hiyo naomba maktaba yetu itenge kabati moja. Wazazi wa Kibaha na Kisarawe wanaoridhia watuazime karatasi zao za zamani. Sisi tuzinakili vizuri, tuandike jina la mtunzi na mwaka, kisha tuwarudishie.

Mimi nimekwisha kuanza. Shairi la babu limo katika daftari langu, na mahali pa zile beti mbili nimepaacha wazi. Mali bila daftari hupotea bila habari.