Mapepe ya karanga Nachingwea yasidharauliwe

Jamani wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo, tuzungumze karanga. Najua wengine mmeshacheka, maana kwa kijana wa mjini karanga ni zile za kuchoma zinazouzwa kwenye foleni. Lakini nenda Nachingwea au Ruangwa ukamuulize mkulima maana ya kung'oa shina lililobeba maganda manene, halafu ukiyaminya ndani hamna kitu. Mapepe. Palizi amelipa, mbegu amenunua, gunia halijai.

Mapepe hayo mara nyingi hayatokani na uvivu wala mkono wa mtu. Ni kiinitete kilichofia ndani ya ganda. Na hapo ndipo ninapogombana na wale wanaosema sayansi ya vitu vidogo visivyoonekana ni anasa ya wazungu.

Karanga ina tabia ya ajabu: huchanua juu, huzaa chini. Ua likisharutubishwa, kiinitete hugawanyika mara chache tu halafu husimama. Hubebwa kwenye ncha ya kikonyo chembamba kinachorefuka kwenda ardhini, na kikishazama kwenye udongo, gizani, ndipo kiinitete huendelea kukua na ganda kuvimba. Kikonyo kisipofika chini, hakuna karanga. Sasa nani anakiambia kiinitete "subiri kwanza", na nani anakiambia "haya, endelea"?

Sehemu ya jibu ni maikroRNA. Ni vipande vifupi mno, vya herufi kama 21 hivi za kijenetiki. Havitengenezi protini. Kazi yake ni kukamata ujumbe unaotoka kwenye jeni nyingine na kuukata au kuuzuia usitekelezwe. Victor Ambros na Gary Ruvkun waliandika habari zake mwaka 1993 kutokana na kijidudu aina ya mnyoo, wengi wakapuuza, na mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwenye mimea ziligunduliwa mwaka 2002. Katika mmea mdogo wa maabara uitwao arabidopsisi, ukiondoa kimeng'enya kinachozitengeneza, kiinitete hupotea njia kingali na seli chache tu na hatimaye hufa. Jeni za kukomaza mbegu huamka kabla ya wakati wake, kama mtoto wa darasa la kwanza anayepewa mtihani wa kidato cha nne.

Wachina wameshalifuatilia jambo hili kwenye karanga yenyewe. Wamelinganisha maikroRNA za viinitete vilivyopata kalsiamu ya kutosha na vilivyoikosa, wakaona mpangilio wake unabadilika pale kiinitete kinapokufa. Ganda changa la karanga hunyonya kalsiamu moja kwa moja kutoka kwenye udongo unaolizunguka, kwa hiyo mizizi hata ikiwa imeshiba haiwezi kuliokoa.

Ukitaka kujua gharama ya kudharau udongo, historia tunayo nyumbani. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mradi mkubwa wa karanga: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, wakaacha utafiti wa kutosha wa udongo na mvua. Mwaka 1951 wakaufunga, mamilioni ya pauni yakiwa yameteketea. Reli nayo iling'olewa baadaye. Matrekta yalitangulia, maswali yakafuata nyuma.

Leo tuna TARI Naliendele pale Mtwara, na mbegu yake mojawapo imebeba jina la Nachingwea 2009. Kazi hiyo naiheshimu. Ila mtafiti wa mbegu anayeijua lugha ya kiinitete anaweza kuchagua wazazi wa mbegu wanaostahimili uhaba wa kalsiamu bila kubahatisha msimu hadi msimu. Tumsomeshe, tumpe maabara, tusimwambie asubiri karatasi za Beijing.

Wapo watakaosema mkulima hali maikroRNA. Kweli kabisa, na mimi sitaki mkulima wa Ruangwa asubiri maabara. Dawa ya haraka ipo: jasi, inayowekwa pale vikonyo vinapozama. Na jasi yenyewe haitoki Ulaya. Inachimbwa Kilwa, mkoa huohuo wa Lindi, na nyingi inaishia kwenye viwanda vya saruji! Yaani tunajenga maghorofa kwa kalsiamu ambayo viinitete vya jirani vinaililia.

Ushirika wa RUNALI umeshazoea kukusanya mazao ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale na kuyapeleka mnadani. Kama magari yanaweza kuondoka na ufuta na korosho, yanashindwaje kurudi na jasi? Wadau mlioko wizara ya kilimo na ile ya madini, kaeni meza moja mtupigie hesabu: mfuko mmoja wa jasi ya Kilwa, ukifikishwa Nachingwea kabla ya masika, mkulima alipe shilingi ngapi?