Stima ikirudi, orodha yako inarudi nayo?

Nianze kwa kukiri jambo moja: chuoni nilisoma marketing, sio kompyuta. Kazi yangu ni kuzunguka Migori na Homa Bay, kutoka Isebania mpaka Mbita, nikiongea na wenye biashara wanaopokea malipo kwa simu. Lakini ukizunguka sana unasikia mengi, na kuna shida moja nimeisikia mara nyingi hadi nimeona niiandike hapa. Wewe mwenye duka usome, halafu umsomee fundi wako.

Asubuhi moja mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori alinipigia simu. "Nyathina, watu wanalipa, simu zao zinaonyesha pesa imetoka, lakini kompyuta yangu inasema hawajalipa. Nimeshikilia mabati ya mtu hapa, karibu tupigane."

Tuliangalia, na pesa ilikuwa imeingia kwa akaunti yake, yote, bila shilingi moja kupotea. Kilichokosekana ni ule ujumbe ambao mfumo wetu hutuma kwa seva ya duka kusema "huyu amelipa, mpe mzigo". Ujumbe ulifika mlangoni kwake ukafukuzwa.

Usiku uliotangulia stima ilikuwa imepotea kidogo tu, ikarudi. Seva yake, kompyuta ya kawaida ya Linux iliyokaa chini ya kaunta, ilizima na kujiwasha tena. Ilipoamka, ilikuwa imesahau sisi ni nani.

Tuelewane kwanza

Fayawoli ni mlinzi wa geti wa seva yako. Mlinzi huyo ana daftari mbili. Ya kwanza ni ya wanaoruhusiwa: anwani za IP za kampuni ya malipo, za benki, labda na za tawi lako la Rongo. Ya pili ni ya waliopigwa marufuku: anwani za watu ambao wamekuwa wakijaribu kubahatisha nenosiri lako usiku kucha. Kwenye Linux, mafundi wengi hutunza daftari hizi kwa kifaa kinachoitwa ipset. Ni kifaa kizuri. Badala ya kuandika sheria elfu moja za anwani elfu moja, unaandika sheria moja tu inayosema "angalia orodha ile".

Shida ni kwamba ipset huweka orodha kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ndiyo maana inafanya kazi haraka. Lakini kumbukumbu hiyo ni kama maandishi ya chaki ubaoni: stima ikipotea, ubao umefutwa. Kama hakuna aliyenakili kwenye faili, mlinzi anaamka na daftari tupu.

Kwa yule mama, skripti ya kuwasha mashine ilitengeneza orodha mpya isiyo na kitu, ikaweka sheria ya "asiyekuwa kwenye orodha asiingie". Basi hakuna aliyeingia, hata sisi.

Homa Bay niliona kinyume chake. Kwa gesti moja karibu na ziwa, orodha haikuwepo kabisa wakati sheria zinapakiwa. Sheria inayotaja orodha isiyokuwepo hukataliwa, na programu ya iptables-restore ikikuta kosa kama hilo haipakii sehemu ya sheria na kuacha nyingine. Inaacha jedwali lote. Kwa hivyo geti lilibaki wazi, na malipo yakaendelea kuingia vizuri kabisa, kwa hivyo hakuna aliyelalamika. Walikuja kugundua baadaye, fundi alipofungua kumbukumbu za seva na kukuta watu wasiojulikana wamejaribu kuingia mara nyingi ajabu. Bahati yao nenosiri lilikuwa gumu.

Ukiniuliza, huyu wa pili ndiye alikuwa kwenye hatari zaidi. Yule wa mabati alijua ana shida saa mbili asubuhi.

Maoni yangu

Maoni yangu ni haya, na najua mafundi wengine hawatayapenda: orodha ambayo haijawahi kurudishwa kwa majaribio si akiba. Ni matumaini tu. Na daftari hiyo ni mali ya mwenye biashara, sio ya fundi.

Hakuna muuza omena hapa pwani ya ziwa ambaye angeacha daftari ya madeni kichwani mwa mfanyakazi mmoja. Anajua mfanyakazi anaweza kuondoka kesho. Lakini orodha ya nani aingie kwenye mfumo wako wa pesa unaiacha hewani, na anayeijua ni kijana mmoja ambaye sasa amepata kazi Nairobi na hashiki simu?

Kazi yenyewe ni ndogo. Hii hapa ni skripti ambayo fundi mmoja alinionyesha, nimeiandika upya kwa ufupi:

#!/bin/bash
set -e
umask 077
F=/root/orodha/ipset.txt
case "$1" in
  hifadhi)
    mkdir -p /root/orodha
    ipset save > "$F.mpya"
    grep -q '^add ' "$F.mpya"
    cp "$F.mpya" "$F.$(date +%F)"
    mv "$F.mpya" "$F"
    ;;
  rudisha)
    ipset -exist restore < "$F"
    ;;
esac

Amri ya ipset save humwaga orodha zote kama maandishi ya kawaida, na ipset restore huyasoma na kuzijenga tena. Kama fundi wako anatumia nftables, ambayo ni mpya zaidi, amri ya nft list ruleset humwaga sheria na orodha pamoja. Wazo ni lile lile.

Mitego mitatu

Mtego wa kwanza ni hifadhi inayofuta. Fundi anaweka skripti ijiendeshe kila usiku. Stima inapotea jioni, seva inaamka na orodha tupu, halafu usiku skripti inahifadhi huo utupu juu ya faili nzuri ya jana. Asubuhi huna kitu kabisa. Ndiyo maana kuna ule mstari wa grep: kama hakuna hata anwani moja ndani, skripti inasimama na faili ya zamani haiguswi. Na ndiyo maana kuna nakala yenye tarehe. Orodha ikirudi nusu, bado una ya jana na ya juzi.

Mtego wa pili ni mpangilio. Orodha lazima zirudishwe kabla ya sheria za fayawoli kupakiwa. Ukigeuza, unapata ile hadithi ya gesti. Mwambie fundi akuonyeshe kwa macho yako kwamba "rudisha" inatangulia mashine inapowaka.

Mtego wa tatu ni nakala kukaa kwenye mashine hiyo hiyo. Diski ikifa, zote zimekufa. Weka moja kwenye flashi, ifungie pale unapofungia vitabu vya duka.

"Lakini mimi nina UPS"

Nimeambiwa hivyo mara nyingi. UPS ni nzuri, nunua. Lakini inakupa dakika, sio siku. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa. Desemba mwaka huo huo ikatokea tena. Kama Nairobi ilizima, ile betri yako ndogo ya Awendo ingefika wapi? Na hata bila giza, siku moja mashine itawashwa upya kwa sababu ya masasisho.

Wengine husema kuna vifurushi kama ipset-persistent vinavyofanya haya yote. Ni kweli, vipo kwenye Debian na Ubuntu. Tumia. Sina shida na kifaa utakachochagua. Shida yangu ni wewe kuamini kinafanya kazi bila kukiona kikifanya kazi.

Kwa hivyo fanya jaribio. Chagua siku ya biashara kidogo, baada ya kufunga. Fundi awe dukani mwenyewe, sio kwa laini kutoka Kisii, kwa sababu orodha ikikosea anaweza kujifungia nje. Andikeni kwenye karatasi idadi ya anwani zilizopo, ambayo hupatikana hivi:

ipset save | grep -c '^add '

Zimeni mashine. Iwasheni. Hesabuni tena. Namba zikilingana, jilipeni shilingi moja kwa simu muone kama kompyuta imepokea ujumbe. Ikipokea, lala usingizi. Rudieni hivyo kila baada ya miezi mitatu, na kila mnapobadilisha fundi.

Mambo ambayo orodha haitafanya

Sitaki nikuuzie ndoto. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi, na huduma nyingi za serikali zikakwama. Mafuriko ya namna ile hayazuiwi na daftari ya seva moja dukani, yanahitaji watoa huduma wakubwa huko juu. Orodha pia haifunuliki kimiujiza kuwa kinga ya nenosiri dhaifu, wala ya mfanyakazi anayegawa PIN.

Lakini kwa duka la kawaida inaziba milango mingi. Na kuna upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Ile seva ya chini ya kaunta ina majina na namba za simu za wateja wako. Geti likibaki wazi, atakayeulizwa ni wewe, sio stima.

Jambo la mwisho, na hili lisomwe polepole. Ukijua umuhimu wa orodha hii, matapeli pia wanajua. Mtu akikupigia simu akisema "natoka kampuni ya malipo, anwani zetu zimebadilika, ongeza hii saa hii", kata simu. Anwani za kweli zipo kwenye ukurasa wako wa mfanyabiashara, unapoingia kwa akaunti yako mwenyewe. Usiongeze hata moja kwa kuambiwa kwa mdomo, na unapoongeza, andika tarehe na sababu pembeni.

Yule mama wa Migori tulimrudishia anwani zake siku hiyo hiyo, na mwenye mabati akaondoka na mabati yake, ingawa kwa uso uliokunjwa. Wiki iliyofuata nilipita dukani. Alikuwa ameandika kwenye kalenda ya ukutani, kwa kalamu nyekundu, "zima mashine" kila mwisho wa mwezi wa tatu. Nikamuuliza kama haogopi kuizima mwenyewe.

"Nyathina," akanijibu, "afadhali niizime mimi nikiwa nimekaa hapa, kuliko izimwe nikiwa nimelala."