Kisingizio cha Bahari

"Ajali haina kinga," husema watu kila chombo kinapozama, na baada ya neno hilo hunyamaza. Methali hiyo ni ya haki mahali pake. Mtu aliyefanya yote yaliyo katika uwezo wake, kisha akapatwa na dhara, astahili kufarijiwa kwayo. Lakini imekuwa desturi mbaya kuwapa faraja hiyo watu wasiofanya neno: mwenye chombo aliyepakia kupita kiasi, karani aliyeuza tikiti asihesabu, na mkaguzi aliyegeuza uso. Methali ya kuwaliwaza wafiwa imefanywa ngao ya wazembe.

Itazamwe Mtongwe. Hapo pana mkono mwembamba wa bahari kati ya bara na kisiwa cha Mombasa, katika bandari iliyokingwa na mawimbi makuu. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri yenye nafasi ya watu 300 ilichukua zaidi ya 400, ikapinduka karibu na nchi kavu. Watu 272 wakafa. Bahari ishitakiwe kwa kosa gani hapo?

Wapo watakaojibu kuwa mkondo wa Unguja si Mtongwe, na kwamba kusi haina suluhu. Ni kweli, kusi ni kali. Lakini si mgeni. Mvuvi asiyejua kusoma aujua mwezi wake, na majahazi yamefuata pepo hizo karne nyingi. Boti ya Skagit, iliyoondoka Dar es Salaam tarehe 18 Julai 2012 ikazama karibu na Chumbe, iliundwa mwaka 1989 ili kuvusha watu katika maji ya Seattle, Marekani, ambayo yamezungukwa na nchi kavu pande nyingi. Iliuzwa mwaka 2011, ikaletwa kukabili kusi ya Julai. Si bahari iliyokwenda Marekani kuinunua.

Hoja nyingine ina ladha ya ukatili: kwamba abiria wenyewe hujazana. Naam, hujazana. Mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mchele miguuni, aliyefika gatini usiku akakuta chombo kimoja tu, ana hiari gani? Sheria haikuwekwa ili mwenye haraka ajizuie mwenyewe. Iliwekwa ili pawepo mtu mlangoni pa chombo atakayesema "basi", na neno lake lisikiwe hata na tajiri mwenye chombo.

Mlango huo ndio kiini cha jambo. Spice Islander iliyozama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ilikuwa na nafasi ya abiria wapatao 600. Tume ya serikali ilipochunguza, idadi ikapita 2,000. Tofauti hiyo si ya uzito peke yake. Abiria asiyeandikwa hana ushahidi kwamba alisafiri. Mjane wake hana karatasi ya kuonyesha, mrithi hana pa kuanzia dai lake, na maiti isiyopatikana haina hata jina la kusomwa. Aliyeacha kuandika jina hilo alimwondoa mtu duniani kabla maji hayajamfikia.

Wala halikuwa funzo lililosikika. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya soko, kivuko cha Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka kikikaribia gati la Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa 228: wafu peke yao walizidi mara mbili ya abiria walioruhusiwa. Kuhesabu hadi mia moja na moja hakuhitaji elimu ya unahodha. Mtoto wa darasa la pili huimaliza kazi hiyo bila kusaidiwa.

Basi majina yote yaandikwe gatini, ya watoto wachanga pamoja nayo. Nakala ya orodha ibaki nchi kavu. Na kamba isifunguliwe mpaka karani atie sahihi kwamba hesabu ya vichwa na hesabu ya karatasi ni moja.