Sikukuu za Jirani na Nauli ya Mwenye Shida



Tumeona si vibaya kuandika katika gazeti letu hili dogo maneno machache juu ya jambo ambalo makarani wengi hulihesabu kuwa si kitu, nalo ni sikukuu za nchi za watu. Sikukuu zetu wenyewe twazijua vema, wala hapana karani asiyezihesabu tangu Januari. Lakini kazi yetu ya dirishani haikomei mpakani. Barua na karatasi za watu wa bonde hili zavuka mipaka kila juma, na majibu yake yatoka kwa makarani wenzetu ambao siku zao za mapumziko si siku zetu. Asiyezijua siku hizo hutoa ahadi asiyoweza kuitimiza, na wazee wetu walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Deni hili, kwa bahati mbaya, halilipwi na karani. Hulipwa na yule aliyesimama upande wa pili wa dirisha.

Tutaeleza kosa letu wenyewe kwanza, ili isidhaniwe kwamba twawanyoshea wengine kidole.

Siku ya Jumatatu, tarehe 25 Aprili, 2022, alifika ofisini kwetu Ifakara mama mmoja mjane kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Malinyi. Marehemu mumewe alifanya kazi miaka ya nyuma katika nchi ya Zambia, na mama alikuwa akitafuta karatasi moja kwa ajili ya mirathi. Yeyote alijuaye bonde letu ajua maana ya mwisho wa Aprili: mvua bado zipo, njia zina utelezi, na mpunga waanza kukomaa. Wakati huo mwenye shamba hukaa juu ya dungu tangu alfajiri kuamia ndege, kwa maana akiondoka siku moja tu hukuta masuke matupu. Mama huyu alikuwa amemwacha mtoto wa miaka kumi juu ya dungu.

Tulimwambia, kwa adabu kama ipasavyo, kwamba siku ile imekwisha kupita saa za kupiga simu, na kesho yake ni Sikukuu ya Muungano. Basi arudi Alhamisi. Akaenda zake. Alhamisi, tarehe 28, akarudi. Tukapiga simu Zambia, ikalia bila kujibiwa. Tukapiga tena na tena hata adhuhuri. Hatimaye tukaambiwa na mtu mwingine kwamba siku ile ni Siku ya Kenneth Kaunda, ambayo ndiyo siku aliyozaliwa Rais wa kwanza wa Zambia mwaka 1924, na ofisi zote za serikali zimefungwa. Mama akalala Ifakara kwa gharama yake.

Ijumaa tukampata karani wa Zambia, mtu mwema, akasema atalitafuta jalada na kutujibu siku ya kazi ijayo. Nasi tukamgeukia mama, tukamwambia, "Njoo Jumatatu." Hapo ndipo mwenzetu mmoja aliyeketi nyuma, ambaye alipata kufanya kazi Tunduma, akainua kichwa akasema, "Msimwambie hivyo. Mwaka huu Mei Mosi ni Jumapili. Kwa sheria ya kwao, sikukuu ikiangukia Jumapili husogezwa Jumatatu. Siku ya kazi ijayo ya kwao ni Jumanne. Tena mwezi waweza kuandama wakati wowote kuanzia Jumapili, nasi tutakuwa katika Idi. Mwambieni Alhamisi ya juma lijalo."

Mama aliyasikia yote. Hakukasirika. Alisema tu, "Wanangu, mimi sikuja kuuliza ni sikukuu ya nani. Nimekuja kuuliza nirudi lini."

Ndugu zetu, maneno hayo yalituingia. Mwenzetu yule hakuwa na cheo kupita sisi, wala hakuwa na simu bora kuliko yetu. Alikuwa na kalenda ya jirani kichwani mwake, na kalenda hiyo ilimwokolea mjane nauli ya safari nzima na siku moja ya ndege shambani. Alhamisi, tarehe 5 Mei, mama alifika, akapata jibu lake, akaondoka kabla ya saa sita. Kama sote tungalijua alilolijua mmoja, angalikuja mara mbili tu.

Pengine msomaji atauliza, "Zambia yatuhusu nini sisi wa Kilombero?" Tunajibu: itazame reli inayopita bondeni mwetu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka New Kapiri Mposhi, nayo ni mali ya serikali mbili. Imepita Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda milima kuelekea Makambako. Kwa reli hiyo watu wetu wamekwenda Zambia na watu wa Zambia wamekuja kwetu. Wameoana, wamefanya kazi, na wengine wamezikwa ugenini. Basi hatuna budi kujua jirani yetu hupumzika lini.

Tuzilinganishe sikukuu zenyewe, mwone zinavyopishana. Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, sisi huandamana na kusikiliza hotuba, lakini ofisi hufunguliwa. Zambia ni sikukuu, na siku nne baadaye, tarehe 12, hupumzika tena kwa Siku ya Vijana. Tarehe 7 Aprili sisi twamkumbuka Mzee Karume, wao wamo kazini. Tarehe 25 Mei wao wana Siku ya Uhuru wa Afrika. Jumatatu ya kwanza ya Julai ni siku ya Mashujaa wao, na Jumanne inayofuata ni siku ya Umoja. Sisi tuna Saba Saba. Oktoba ni mwezi wa kuangaliwa sana: tarehe 14 twafunga sisi kwa kumbukumbu ya Baba wa Taifa, tarehe 18 wafunga wao kwa sala ya taifa, na tarehe 24 wafunga tena kwa uhuru wao walioupata mwaka 1964. Siku za Idi na Maulidi ofisi zetu hufungwa, zao hufunguliwa. Tarehe 26 Desemba sisi tungali nyumbani, wao wamekwisha kurudi mezani.

Tena sikukuu nyingine hufuatana kwa namna ya kumnasa mtu asiyeangalia. Nchi zote mbili humheshimu mkulima mwezi wa Agosti: sisi kwa Nane Nane, wao kwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Mwaka 2023 Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe 7, nasi tukafuata Jumanne tarehe 8. Barua iliyopelekwa Ijumaa jioni haikuweza kushughulikiwa na pande zote mbili kabla ya Jumatano. Mwaka 2025 mambo yaligeuka: siku ya Mashujaa iliangukia tarehe 7 Julai, siku ile ile ya Saba Saba, tukapumzika pamoja, lakini kesho yake sisi tulirudi kazini na wao walikuwa bado katika siku ya Umoja. Na zaidi ya hayo, saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ofisi inayofunguliwa kwao saa 2 asubuhi, kwetu ni saa 3. Mtu aliyeamka saa kumi za usiku ili awahi simu ya kwanza hapaswi kuketi saa nzima kwa sababu karani hakumweleza jambo hilo.

Wala si Zambia peke yake. Mji wetu wa Ifakara una uhusiano wa siku nyingi na Uswisi, tangu maabara ya utafiti wa magonjwa ilipowekwa hapa, ile ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wenye kuandikiana na Uswisi wajue kwamba tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya taifa lao, na kwamba Alhamisi ya Kupaa kwa Bwana na Jumatatu ya Pentekoste hufunga ofisi sehemu nyingi za nchi ile, hali kwetu ni siku za ibada na kazi huendelea. Wenye ndugu Oman wajue kwamba huko mapumziko ya juma ni Ijumaa na Jumamosi. Anayengoja jibu la ofisi siku ya Ijumaa angoja bure, na mwenye haraka aandike Jumapili, siku ambayo karani wa Maskati yumo kazini.

Sasa twajua kwamba baadhi ya wanachama watanung'unika, "Je, mwataka tufanye kazi siku za sikukuu?" La, hasha. Mapumziko ni haki iliyopatikana kwa taabu, na chama cha watumishi kisichoilinda haki hiyo hakistahili ada za wanachama wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema wazi kwamba afanyaye kazi siku ya sikukuu alipwe maradufu ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Wasiokubali kulipa hivyo wasimwite karani siku hiyo. Na mahali ambapo dirisha haliwezi kufungwa kabisa, kama hospitali na stesheni, desturi ya Wakristo kushika zamu siku ya Idi na Waislamu kushika zamu siku ya Krismasi ni desturi ya kindugu. Lakini iandikwe katika daftari la zamu mapema, isiwe mzigo wa kijana mgeni kila mwaka kwa sababu tu hana wa kumsemea.

Tunalolitaka ni jepesi kuliko hilo. Mlango uliofungwa si kosa. Kosa ni kumwita mtu aje kwenye mlango ambao twajua, au tungeweza kujua, kwamba utakuwa umefungwa. Kwa hiyo twatoa mashauri haya.

Kwanza, kila ofisi inayoandikiana na nchi nyingine ibandike ukutani, mwanzoni mwa Januari, kalenda moja yenye sikukuu zetu kwa wino mweusi na sikukuu za nchi hiyo kwa wino mwekundu. Kazi hiyo ni ya nusu siku, wala haihitaji kibali cha mkubwa yeyote. Siku ya uchaguzi au ya maombolezo, ambayo hutangazwa katikati ya mwaka, iongezwe mara isikiwapo.

Pili, sikukuu zinazotegemea mwezi kuandama ziandikwe kwa tarehe mbili, na mteja asipewe miadi katika yoyote ya hizo, wala katika siku inayofuata.

Tatu, karani wa nchi nyingine akisema "siku ya kazi ijayo," tumwulize tarehe. Maneno hayo yana maana moja kwake na nyingine kwetu, kama tulivyojifunza kwa aibu.

Nne, mteja asiondoke na neno la mdomo. Apewe kipande cha karatasi chenye siku, tarehe na saa ya kurudi, na namba ya simu ya kuuliza kabla ya kupanda gari. Asiyejua kusoma atasomewa na mwanawe. Karatasi hiyo yamfunga karani kuliko inavyomfunga mteja, na hiyo ndiyo faida yake.

Tano, tangazo la kufunga ofisi litolewe majuma mawili mbele, tena lisikae mlangoni petu tu. Lipelekwe kwa watendaji wa vijiji, misikitini, makanisani na kituo cha mabasi. Tangazo lililobandikwa juu ya mlango uliofungwa husomwa na mtu aliyekwisha kulipa nauli.

Zamani watu wa ng'ambo walicheleweshwa na kivuko, nao walistahimili kwa sababu mto hauna masikio. Tangu daraja la Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, gari lavuka kwa dakika chache. Itakuwa aibu kubwa iwapo mto umekubali kuwapitisha watu, na kizuizi kilichobaki ni karani asiyetazama kalenda.

Basi twaomba wanachama wa kila tawi walizungumze jambo hili katika mkutano ujao, na walio karibu na mipaka mingine, ya Kenya, Uganda, Kongo na Msumbiji, watuletee orodha za sikukuu za jirani zao ili tuzipige chapa katika gazeti hili kwa faida ya wote. Mteja akiuliza arudi lini, tuwe na tarehe ya kumpa, tena tarehe ya kweli.