Kupoza Kompyuta: Pesti au Pedi?

Baba anapokuwa zamu mpakani Malaba, au anapopelekwa mbali kwa amri ya jeshi, kompyuta iliyobaki nyumbani Tororo ndiyo watoto wanayosomea na ndiyo mama anayoandikia hesabu za duka lake. Aghalabu ni mashine iliyokwisha kutumiwa na wengine, ikanunuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Siku feni yake inapoanza kunguruma na mashine kujizima katikati ya kazi, jamaa husema imekufa. Mara nyingi haijafa. Imezidiwa na joto tu.

Prosesa, yaani kile kidude kinachofanya hesabu zote za kompyuta, hutoa joto jingi. Ikikaribia nyuzi joto 100, prosesa nyingi hujipunguzia mwendo zenyewe, na joto likizidi, mashine huzima ili isiungue. Joto hilo huchukuliwa na bamba la shaba au aluminiamu linalopulizwa na feni. Kwa macho, bamba na prosesa ni laini kabisa. Lakini vikikutana hubaki vijishimo vidogo sana vyenye hewa, nayo hewa hupitisha joto vibaya mno. Ndiyo sababu huwekwa kitu katikati, na hapo ndipo mabishano ya mafundi huanza.

Pesti ni laini kama dawa ya meno. (Wapo waliothubutu kupaka dawa ya meno yenyewe; hukauka upesi na kuwa vumbi.) Pedi ni kipande chororo mfano wa mpira, chenye unene maalumu: nusu milimita, milimita moja, moja na nusu. Wauzaji huisifu pedi kwamba haichafui mikono wala haidai ustadi wa kupaka. Ni kweli, lakini sifa hizo hazitoshi. Bamba linapogusa prosesa yenyewe, pesti hushinda, kwa kuwa hubanwa ikawa utandu mwembamba sana. Pedi nene ikiwekwa hapo huwa kama blanketi.

Kandokando ya prosesa mambo hubadilika. Vidude vya kumbukumbu na vya kugawa umeme mara nyingi havilifikii bamba. Watengenezaji waliacha nafasi hiyo makusudi na kuijaza kwa pedi. Fundi mwenye haraka huing'oa pedi iliyochakaa, akapaka pesti kila mahali. Pesti haiwezi kuziba nafasi hiyo. Prosesa hupoa, mteja hulipa na kushukuru, kumbe vile vidude vya kando vinaungua polepole. Pedi mpya ikiwa nene kupita ile ya awali, nayo hulinyanyua bamba likaiacha prosesa. Kwa hiyo mama na aombe pedi ya zamani ipimwe unene mbele yake kabla haijatupwa.

Ipo pedi nyembamba ya namna ya pekee, ambayo hulainika ipatapo moto na kujaza vijishimo. Hiyo yafaa juu ya prosesa na hudumu muda mrefu. Ila mtu asiuziwe pedi ya kawaida kwa jina lake. Ipo pia pesti ya metali ya majimaji yenye galiamu. Hiyo ikataliwe: hupitisha umeme, na huila aluminiamu.

Pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti safi hadi ing'ae. Mpya itoshe kadiri ya punje ya njegere, au pungufu kwa kompyuta ya kupakata.

Lakini kabla ya kununua lolote, vumbi litolewe. Tororo ni mji wa kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, na malori ya mpakani hayapumziki. Vumbi hilo huziba njia za hewa, na hapo hakuna pesti itakayosaidia. Wakati wa kupuliza, feni izuiwe kwa kijiti isizunguke ovyo. Watoto nao wasiiwashe kompyuta juu ya godoro, maana matundu ya chini huzibwa na shuka.

Mashine ikishafungwa, isiondolewe mezani kwa fundi papo hapo. Iachwe ifanye kazi nzito kwa nusu saa, huku mwenyewe akisikiliza feni.