Mtandao uko chini? Mtandao upi?

Haya wasomaji, leo nimekuja na hasira zangu. Neno "mtandao" limegeuka kichaka cha wazembe, na sisi tunaoandika programu tumelinyamazia.

Intaneti ni kitu kimoja, wavuti ni kingine. Intaneti ni nyaya, minara na kanuni za kupitisha data toka mashine hadi mashine. Kanuni hizo, TCP/IP, zilianza kutumika rasmi kwenye ARPANET kule Marekani tarehe 1 Januari 1983. Wavuti ilikuja baadaye: Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, Uswisi. Ni kurasa na viungo vinavyosafiri juu ya intaneti, basi.

Chukua barabara ya Namanga, inayopita hapa Kitengela na Isinya hadi Kajiado. Hiyo ndiyo intaneti. Malori, pikipiki na hata ng'ombe wanaitumia (na ng'ombe wa huku wanajua haki zao!). Wavuti ni matatu tu. Ukikosa matatu stejini, utasema barabara imekatika?

Mwezi uliopita nilipanga foleni katika ofisi moja mjini Kajiado, jina nalihifadhi. Mama aliyekuwa mbele yangu, aliyetoka Kitengela kwa nauli yake, aliambiwa: "Mtandao uko chini, rudi kesho." Karani huyohuyo alikuwa anatazama video kwenye simu, kwa waifai ya ofisi! Kilichokufa ni tovuti moja, kwenye seva moja, na kuna mtu analipwa kuitunza. Lakini ukishasema "mtandao", lawama inapotelea hewani. Mama akaondoka akiilaani kampuni ya simu.

Intaneti yenyewe ikipata ajali tunajua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, kasi ikashuka Kenya na nchi jirani. Na hata siku kama hiyo, tovuti iliyo kwenye seva ya hapa nchini inaweza kufunguka vizuri, kwa sababu watoa huduma wetu hubadilishana data Nairobi, kwenye kituo cha KIXP, bila kuipeleka Ulaya kwanza. Kwa hiyo kisingizio cha waya wa baharini nacho msikimeze kizimakizima.

Mkiambiwa tena "mtandao uko chini", ulizeni: tovuti ipi? Nani anaitunza? Ameambiwa saa ngapi? Na majibu yabandikwe mlangoni, watu wayasome kabla ya kupanga foleni.